Thabai: kuichuma, kuipika, kuinywa na kuirudisha shambani

Unga wa thabai, mmea wa nyanda za juu unaowasha ngozi, umekuwa biashara. Zunguka mitandaoni dakika tano tu, utakutana na kopo la unga wa kijani linalodaiwa kuongeza damu, kushusha sukari, kutuliza presha, kutibu tezi dume, viungo na ngozi, na kurudisha nguvu za kiume, yote kwa kijiko kimoja asubuhi. Mimi naipenda thabai kuliko wengi wanaoiuza, na ndiyo maana naona imepangwa vibaya. Kwanza ni mboga, tena mboga bora. Pili ni mbolea isiyonunuliwa. Tatu, na kwa mbali, ni dawa. Mwongozo huu unaanza na mboga, unapitia dawa, unamalizia shambani, na kila mahali penye kipimo nimeweka kipimo.

Uujue mmea kwanza

Thabai ya nyanda zetu za juu ni *Urtica massaica*. Wakikuyu ndio waliotupa jina hili linalotumika sokoni Kenya. Wakalenjin wanaiita siwot, Wamaasai entamejoi, na Rwanda ni igisura. Ina ndugu wa karibu Ulaya, *Urtica dioica*, na huyo ndiye aliyefanyiwa utafiti mwingi. Namba nyingi unazosoma kuhusu thabai, pamoja na za humu, zimetoka kwa ndugu huyo. Si kosa kuzitumia, mradi ujue.

Inaota kuanzia kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari kwenda juu: Kinangop, Aberdare, Mau, Elgon, Mlima Kenya, Kilimanjaro, Meru, hadi milima ya Virunga. Inapenda udongo mweusi, unyevu na samadi iliyooza zamani. Itafute pembezoni mwa msitu, kando ya vijito, nyuma ya zizi. Ukiikuta imejazana katikati ya malisho pasipo sababu inayoonekana, waulize wazee wa hapo. Mara nyingi utaambiwa palikuwa na boma.

Alama ya kwanza ya kuangalia ni majani kukaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina. Kingo zake zina meno, na shina na majani vyote vimejaa vinyoya vya kuwasha vinavyoonekana kwa macho ukiinama vizuri jua likiwa pembeni. Maua ni madogo mno, ya kijani iliyofifia, yananing'inia kwa vishada pale jani linapoungana na shina.

Alama hiyo ya majani inatenganisha thabai na jamaa zake wakali. *Girardinia*, inayoota msituni, ina majani makubwa yaliyokatika katika kama kiganja na yanapishana, moja huku jingine kule. *Laportea* nayo majani yanapishana. *Tragia* ni mtambaa mwembamba unaozunguka miti ya ua. Zote zinawasha. Kanuni yangu ni fupi: majani yakipishana, siyachumi.

Na kwa msomaji wa pwani: upupu unaoujua, ule mtambaa wa jamii ya maharage wenye maganda ya manyoya ya dhahabu, ni mmea mwingine kabisa. Maelekezo ya jikoni yaliyo hapa hayauhusu. Usijaribu.

Kwa nini inawasha, na ufanye nini ikikupata

Kila kinyoya ni bomba dogo kama sindano ya daktari, na ncha yake ni ya silika, ngumu lakini dhaifu. Ukikigusa, ncha inavunjika kwa mshazari, inachoma ngozi na kumwaga mchanganyiko wenye histamini, asetilikolini na serotonini. Ndiyo maana unavimba vipele vyeupe papo hapo. Yale maelezo ya zamani kwamba ni asidi ya sisimizi peke yake hayatoshi; asidi hiyo imo, lakini ni kidogo.

Ikikupata, usisugue. Kusugua kunavunja vinyoya vilivyobaki juu ya ngozi na kuvisukuma ndani. Acha pakauke dakika kadhaa, bandika selotepu na uibandue mara mbili tatu ili ing'oe vinyoya, kisha osha kwa sabuni na maji baridi. Maumivu makali huisha ndani ya saa chache. Ganzi na msisimko vinaweza kubaki hadi kesho yake. Mtu akianza kuvimba midomo au kupumua kwa shida, huo si mwasho wa kawaida, apelekwe hospitali mara moja.

Ukali huu wazee waliutumia kwa makusudi. Kwa Wakalenjin, siwot ilikuwa sehemu ya jando, kupima kama kijana anaweza kuvumilia bila kukunja uso.

Kuchuma

Chuma ncha za juu tu, majani manne hadi sita ya mwisho, kabla mmea haujatoa maua. Ukishatoa maua, majani hukomaa na kujaa chembechembe za chokaa zinazokwaruza ulimi, na hakuna upishi utakaoziondoa. Ukiwa na shamba lililozeeka, lifyeke lote, subiri wiki tatu hadi nne za mvua, uje uchume machipukizi.

Vaa glavu nene za mpira au mfuko wa nailoni mkononi, na mikono mirefu. Nyanya zetu walichuma kwa mikono mitupu, na siri yao inaonekana ukiwatazama kwa karibu: vinyoya vimeinamia juu, kuelekea ncha. Mkono ukija kutoka chini ya shina kwenda juu unavilaza badala ya kuvichoma, na vidole vinabana kwa nguvu, bila kusitasita. Anayegusa kwa woga ndiye anayewashwa.

Gorila wa milimani wanalijua hili pia. Watafiti waliowafuatilia Karisoke, Rwanda, wakila *Laportea alatipes*, walieleza jinsi mnyama anavyoshika shina kwa chini, anapandisha mkono na kukusanya majani yote kwa mpigo mmoja, anasokota na kutupa vikonyo, kisha anakunja bunda la majani ili upande usiowasha sana ndio uguse midomo.

Mahali pa kuchuma ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Thabai inafyonza kila kilichomo udongoni, na inapenda pale penye uchafu wenye nitrojeni. Kwa hiyo ile iliyonawiri kando ya mtaro wa majitaka, kwenye jalala la mjini au ukingoni mwa barabara kuu si zawadi. Iache pia iliyopakana na shamba la viazi linalopuliziwa dawa kila wiki. Upepo haujui mpaka.

Ukifika nyumbani mwaga majani kwenye karai la maji, yazungushe kwa mwiko, toa mabua na wadudu, badilisha maji mara mbili. Usiondoe glavu bado.

Jikoni

Moto ndio unaoivua silaha. Chemsha maji mengi yenye chumvi kidogo, tumbukiza majani, yakandamize kwa mwiko mpaka yote yazame. Ndani ya dakika mbili vinyoya vyote vimelegea na jani limekuwa kijani cha kukolea. Hapo unaweza kulishika kwa vidole bila wasiwasi. Kwa mboga ya kawaida acha dakika tatu hadi tano. Zaidi ya hapo unapoteza ladha na vitamini C bila faida.

Yaepue, yakamue, yakate. Kilo moja ya majani mabichi inanywea mpaka inatosha watu wanne hivi, kwa hiyo usishangae gunia zima likiishia bakulini. Yale maji ya kijani kibichi yaliyobaki usiyamwage: yapikie ugali, au yapooze uyanywe kwa limau. Ukiwa na shaka na udongo yalikochumwa, hapo ndipo pa kuyamwaga.

Njia rahisi ni kukaanga: kitunguu, nyanya mbili, thabai iliyokamuliwa na kukatwa, chumvi, na mwishoni kikombe cha maziwa au vijiko viwili vya krimu. Ladha yake ni nzito kuliko mchicha, karibu na ya majani ya malenge, bila ule uchungu wa managu (mnavu). Wasioipenda peke yake huichanganya nusu kwa nusu na terere (aina ya mchicha) au sukuma wiki.

Lakini makao ya thabai ni mukimo, ponde la viazi na mahindi la Wakikuyu. Kwa watu sita:

1. Chemsha vikombe viwili vya mahindi mabichi, au githeri (mahindi na maharage) iliyoiva, mpaka yalainike kabisa.
2. Ongeza viazi kilo moja na nusu vilivyomenywa, na maji ya kuvifunika tu. Chumvi sasa, si baadaye.
3. Viazi vikianza kuvunjika, weka juu yake thabai mbichi iliyooshwa, mikono miwili iliyojaa, ufunike dakika tano ipikwe kwa mvuke. Wengine huitia ikiwa imeshachemshwa na kusagwa. Rangi hutoka sawasawa zaidi, lakini unaosha chombo cha ziada.
4. Mwaga maji yaliyozidi kwenye kikombe, usiyatupe.
5. Ponda kwa mwiko mzito kutoka pembeni kuja katikati, ukirudisha maji yale kidogo kidogo mpaka ponde likae bila kumwagika wala kupasuka.
6. Kaanga kitunguu kwa mafuta mpaka kiwe cha dhahabu, umimine juu, ugeuze mara moja.

Kitu kimoja ambacho sikubaliani nacho ni kuweka thabai nyingi mno ili mukimo uwe kijani kama rangi ya ukuta. Viazi vinapotea, na watoto wanakataa sahani.

Kwa chapati, saga thabai iliyochemshwa pamoja na maji yake ya kupikia, utumie mchanganyiko huo kukandia unga badala ya maji. Kikombe kimoja kwa kila vikombe vitatu vya unga kinatosha. Ongeza maji ikihitajika.

Kukausha: funga matita madogo ya ncha, yaning'inize kivulini penye upepo, au yatandaze juu ya wavu. Jua kali linaunguza rangi na vitamini A pamoja. Yakiwa tayari, jani linavunjika kwa mlio na kikonyo kinakatika badala ya kupinda. Kilo tano mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Jani kavu zima bado linaweza kuchoma kidogo, kwa hiyo likunje kwa glavu, kisha twanga au saga, pitisha kwenye chekecheke, hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko, gizani. Unga uliobadilika kuwa wa kahawia au unaonuka nyasi kuukuu umekwisha kazi. Huu ndio unga wa kuweka kwenye uji: kijiko cha chai kimoja kwa kikombe.

Je, inaongeza damu?

Hili ndilo dai kubwa, basi tulipime. Jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba gramu 100 za thabai ya Ulaya iliyochemshwa zina chuma miligramu 1.64. Terere iliyopikwa ina kama 2.3. Mama mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku kwa kipimo cha Marekani. Kuzipata zote kwa thabai peke yake angekula zaidi ya kilo moja na nusu ya mboga iliyopikwa, kila siku. Kwa hiyo thabai inasaidia, kama mboga nyingine za majani zinavyosaidia, hasa ikiliwa na nyanya au limau, kwa sababu vitamini C huongeza ufyonzaji wa chuma cha mimea, na chai ikisogezwa mbali na mlo, kwa sababu huupunguza. Lakini mwenye upungufu wa damu uliothibitishwa na kipimo anahitaji vidonge alivyoandikiwa. Kijiko cha unga wa thabai ni kama gramu mbili au tatu. Fanya hesabu mwenyewe.

Kinachonishangaza ni kwamba hakuna anayeutangaza utajiri wake halisi. Gramu 100 hizo hizo zina kalisi miligramu 481, karibu mara nne ya maziwa kwa uzito uleule. Si yote inayofyonzwa, lakini kwa nyumba isiyo na ng'ombe hiyo si habari ndogo. Zina nyuzinyuzi karibu gramu 7, na vitamini K kiasi cha mikrogramu 499, ambayo ni mara kadhaa ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Hii ya mwisho ina upande wake wa pili, tutaufikia.

Kama dawa

Ujerumani, ambako dawa za mimea husimamiwa na serikali, kamati iliyojulikana kama Tume E iliidhinisha thabai kwa mambo machache na yaliyowekewa mipaka: majani kwa maumivu ya viungo na kusafisha njia ya mkojo, na mizizi kwa shida ya kukojoa inayoletwa na tezi dume iliyokua katika hatua za mwanzo. Kuhusu mizizi, tume yenyewe ilitahadharisha kwamba dawa inapunguza usumbufu bila kuipunguza tezi. Mwanamume anayeamka mara nne usiku kukojoa apimwe kwanza, kwa sababu saratani ya tezi dume inaweza kuanza na dalili zilezile.

Chai ya majani hutengenezwa hivi. Pima gramu 3 za majani makavu kwa mizani ndogo ya jikoni, mimina kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja. Kunywa vikombe vitatu hadi vinne kwa siku. Kipimo cha Tume E ni jumla ya gramu 8 hadi 12 za majani kwa siku. Kunywa na maji mengi mchana, maana inakojoza, na uishie alasiri. Baada ya wiki mbili au tatu pumzika. Dalili ikiwa bado ipo, hiyo si kazi ya chai tena.

Kwa viungo kuna njia ya kale zaidi, ya kupiga mahali panapouma kwa jani bichi. Inaonekana katili, lakini imewahi kupimwa. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Plymouth, Uingereza, kwa watu 27 wenye maumivu ya shina la kidole gumba. Kila mmoja alitumia thabai mara moja kwa siku kwa wiki moja, na kwa wiki nyingine jani linalofanana nayo lisilowasha. Maumivu yalipungua zaidi kwa thabai. Watu 27 ni wachache, na mtu aliyewashwa anajua fika kwamba amepewa jani lenyewe. Tafsiri matokeo kwa kiasi hicho. Ukitaka kujaribu, gusisha jani moja mahali padogo, kamwe si usoni, si kwenye kidonda, si kwa mtoto, wala kwa mwenye pumu au mzio mkali.

Kuhusu sukari, yapo majaribio madogo, kadhaa yakiwa ya Iran, yaliyotumia dondoo ya majani kwenye vidonge kwa wagonjwa ambao *waliendelea* na dawa zao, na sukari ikashuka kiasi. Neno la kushika hapo ni hilo la kuendelea. Wanaoacha metformini au insulini kwa sababu ya unga wa kijani wanafika hospitalini wakiwa hoi.

Wa kuwa waangalifu ni hawa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asibadilishe ghafla kiasi cha thabai anachokula, kwa sababu vitamini K inapingana na dawa hiyo. Akitaka kuila, aile kwa kiasi kilekile kila wiki na amwambie daktari. Anayetumia dawa za presha, sukari au za kukojoza anaweza kushushwa zaidi ya inavyotakiwa. Mwenye uvimbe wa miguu unaotokana na moyo au figo asinywe chai hii. Mjamzito ale mboga kama anavyokula mboga nyingine, lakini aache chai nzito, unga wa vijiko na mizizi. Watoto walio chini ya miaka 12 wapewe mukimo, si dawa.

Shambani: mbolea ya maji

Hapa ndipo thabai inapojilipa bila ubishi. Unachohitaji ni ndoo au pipa la plastiki (chuma kitaliwa na asidi), panga, gunia au wavu, na mahali mbali na dirisha la jirani.

Kata mimea mizima kabla haijatoa mbegu. Mabua pia yanafaa hapa, tofauti na jikoni. Katakata vipande vya urefu wa kidole, pima kilo moja kwa kila lita 10 za maji, ya mvua ikiwezekana. Ukiweka vipande ndani ya gunia la nyuzi na jiwe la kulizamisha, kazi ya kuchuja itakuwa rahisi. Usijaze pipa mpaka juu, maana povu litapanda. Funika kwa mfuniko uliolegea au kitambaa, hewa ipite na mbu wasiingie.

Koroga kila siku. Siku ya pili au ya tatu mapovu madogo yataanza kupanda unapokoroga. Hiyo ni dalili kwamba inafanya kazi. Harufu itafuata, na sitaipamba: ni ya zizi lililofurika pamoja na kitu kilichokufa. Mapovu yakikoma na maji yakiwa ya kahawia iliyokolea, mbolea imeiva. Mahali pa joto ni wiki moja hivi. Kinangop, ambako usiku ni baridi ya kuuma, hesabu wiki mbili au tatu. Ukiichelewesha sana inaoza tu na kupoteza nguvu.

Watu wengi hutia majivu ili kupunguza harufu. Yanafanya kinyume cha kusudi: majivu hupandisha magadi ya maji, na nitrojeni inaondoka hewani ikiwa amonia, ile harufu ya choo inayochoma pua. Umeitengeneza mbolea kisha umeipeperusha. Tia kiganja cha udongo mkavu wa mfinyanzi badala yake.

Chuja, halafu punguza makali. Kumwagia udongoni ni sehemu moja kwa tisa za maji: lita 2 za mbolea na lita 18 za maji kwenye mtungi wa lita 20. Kupulizia majani ni lita moja kwa lita 20. Mwagia jioni au asubuhi, udongo ukiwa tayari na unyevu, mara moja kila wiki mbili. Ikimwagwa bila kupunguzwa inaunguza mizizi michanga, na huo ndio uwezo wake mwingine: wengine huimwaga ikiwa kali kwenye magugu ya njiani.

Mazao yanayoifurahia ni yale ya majani: sukuma wiki, kabichi, spinachi, mchicha, na mahindi yakiwa magotini. Nyanya na pilipili zipe mpaka zianze kuchanua, kisha punguza, la sivyo utavuna majani. Maharage na njegere hayaihitaji, yanajitengenezea nitrojeni yenyewe. Vitunguu vikianza kutunga, acha.

Sasa kiasi, kwa sababu mbolea hii nayo ina wapambe wake. Kilo moja ya thabai mbichi ina takriban gramu 200 za kitu kikavu, na nitrojeni ndani yake haizidi gramu 10 hivi. Hiyo ndiyo yote itakayokuwemo katika lita zako 10, hata ikitoka yote, na haitoki yote. Ni sawa na gramu 30 hadi 40 za CAN, mbolea ya nitrojeni ya dukani. Kwa bustani ya jikoni, magunia ya mboga na vitalu vya miche inatosha na kubaki, na inakuja pamoja na potasiamu na madini madogo madogo. Kwa ekari ya mahindi utahitaji msitu wa thabai. Anayekwambia kwamba itachukua nafasi ya samadi na mbolea zote hajawahi kubeba hayo maji.

Usiipulizie mboga zinazoliwa mbichi, kama saladi na dhania. Maji yaliyochacha wiki mbili yamejaa vijidudu. Kwa mboga za kupikwa, acha wiki moja kabla ya kuvuna, na uoshe.

Kwa wadudu

Maji ya wadudu ni tofauti, hayachachishwi mpaka mwisho. Loweka gramu 750 za thabai mbichi katika lita 10 kwa siku tatu hadi nne, chuja kwa kitambaa, changanya sehemu moja na nne za maji, na upulizie chini ya majani ambako vidukari na utitiri hujificha. Jioni, si juani. Rudia baada ya wiki. Inafanya kazi vizuri zaidi wadudu wakiwa wachache. Kabichi iliyokwisha kufunikwa na vidukari inahitaji maji ya sabuni na mkono wa kuwapangusa kwanza.

Ufaransa iliwahi kugombana sana juu ya maji haya. Sheria ya kilimo ya Januari 2006 ilizuia kupendekeza dawa za mimea zisizosajiliwa, na wakulima wa bustani wakajikuta hawaruhusiwi hata kufundishana kuloweka thabai. Kelele zao zilizaa amri ya Aprili 2011 iliyoruhusu maji ya thabai ya kutengeneza nyumbani, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliiweka thabai kwenye orodha ya vitu vya msingi vinavyoruhusiwa kukinga mimea.

Mabaki ya pipa, yale makapi, yatupe kwenye mboji. Thabai mbichi nayo ni kichocheo kizuri cha mboji iliyojaa mabua makavu: tandaza safu ya kiganja kimoja kati ya kila safu ya mabua, mwagia maji, na rundo litapata joto ndani ya siku chache. Iliyonyauka siku moja wape kuku na mbuzi. Wanaoikwepa ikiwa mbichi huila ikishapoteza makali.

Kuipanda bila kujuta

Chimba kipande cha mzizi chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 na angalau chipukizi moja, mwanzo wa mvua, ulaze kina cha vidole vitatu, nafasi ya sentimita 40. Weka samadi. Kivuli cha nusu siku kinafaa. Baada ya miezi miwili hadi mitatu anza kuvuna, ukikata kiganja kimoja juu ya ardhi. Ukitumia mbegu, zinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia. Ni ndogo sana na zinataka mwanga.

Isiwe karibu na njia, kisima au mahali watoto wanapochezea. Mizizi inatambaa, kwa hiyo ipande ndani ya pipa lililokatwa na kuzikwa, ukingo ukibaki juu ya ardhi, au kwenye gunia kama unavyopanda sukuma. Acha shina kadhaa pembeni bila kukata, kwa ajili ya viwavi wa vipepeo wa jamii ya *Vanessa* wanaozaliana hapo.

Siku ukitaka kuiondoa, kufyeka hakutoshi. Chimba udongo ukiwa na unyevu, fuata kila mzizi mpaka mwisho wake, kisha uianike yote juani kwenye bati au turubai mpaka ikakamae. Kipande kibichi kikirudi kwenye mboji, kitachipua humo humo.